Kipande cha Mzee Mbonea

Mtoto hana jirani. Ndivyo alivyosema mwenyekiti leo mkutanoni, nanyi mkanyamaza kwa adabu, lakini niliwaona mkikonyezana. Sasa mmenifuata mpaka hapa mashineni, mahindi yangu bado yako kwenye foleni, mnataka niwaambie maana yake. Wewe Kirita ndiye uliyesema una pikipiki tu, huna mke, huna mtoto, kwa nini utozwe mchango wa madarasa. Na mwenzako Elinaza akaongeza kwamba hata wazee kama mimi, ambao watoto wetu nao wameshaota mvi, tunaonewa, tungeachwa tupumzike. Ahsante kwa kunitetea, ingawa sikukutuma. Haya, kaeni hapo kwenye magunia. Methali hii hatukuirithi kwa watu wa kale wala haikutoka kitabuni. Ilizaliwa hapa hapa kijijini, mimi nikiwa na akili zangu timamu, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Alikuwapo fundi wa mawe aliyeitwa Mbonea. Misingi yote ya nyumba za zamani mnazoziona upande wa juu wa mfereji aliiweka yeye. Wenzake waligeuza jiwe mara nne, mara tano, huku wakililaani. Yeye aliliangalia, akaligonga mara moja kwa nyundo, likakaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hayakuwa na sukari. Mkewe aliitwa Naetwe. Walikaa miaka ishirini na sita bila kujaliwa mtoto. Walikwenda kwa waganga, wakaenda hospitali ya misheni, wakaombewa na kila mwenye dini yake, mwisho wakaacha kwenda. Ndugu zake walimchagiza aoe mke wa pili mpaka wakachoka wenyewe. Mbonea alimpenda Naetwe, na basi.

Ng'ambo ya ua wao wa masale, ile mimea tunayopanda mipakani, aliishi mjane mmoja na binti yake mdogo aliyeitwa Niendiwe. Mama huyo alishinda shambani toka alfajiri, maana hakuwa na wa kumsaidia. Kwa hiyo Niendiwe alijifunzia kutembea uani kwa Naetwe. Alikula pale, akalala mchana pale, akiugua tumbo alichemshiwa dawa pale. Alipita kwenye upenyo wa masale, akaingia ndani moja kwa moja hadi jikoni, akafunua chungu kuona kuna nini. Hakuwahi kubisha hodi. Nani kati yenu aliwahi kubisha hodi kwao?

Mbonea alipokaa kuchonga mawe, mtoto alikaa karibu naye akikusanya vipande vilivyoruka, akivipanga mstari na kuvipa majina. Alimwuliza maswali mpaka yule mzee asiyependa maneno akajikuta anajibu. Babu, jiwe linazaliwa? Babu, hili mbona lina mistari? Babu, wewe unajuaje litakaa? Mbonea alimjibu kwamba jiwe lina uso, na ukiutazama vizuri utajua linapenda kulala upande gani. Naetwe alikuwa akiwasikiliza kutoka jikoni na kucheka peke yake.

Sasa niwakumbushe msaragambo ulivyokuwa, maana ninyi mnaujua wa siku hizi, wa kutuma ujumbe kwenye simu na kutoa udhuru. Zamani lilipulizwa baragumu, na kila nyumba ikatoa mtu. Kazi iligawanywa kwa nyumba. Ikiwa mfereji unasafishwa, mgawaji alipima kwa hatua zake, nyumba hii kutoka hapa hadi pale, nyumba ile kutoka pale hadi kule. Hicho ndicho kipande chako. Na kijijini kwetu kulikuwa na mwiko mmoja mkali: kipande cha mtu hakiguswi na mwingine. Watu walikufanyia kipande chako siku moja tu, siku nyumba yako ina msiba. Kwa hiyo kumfanyia kipande mtu aliye hai na mzima ilikuwa sawa na kumwambia tumeshakuzika. Kumbukeni mwiko huo, ndio ulioleta maafa.

Mwenyekiti wa wakati ule alikuwa Mzee Mavura. Ndiyo, huyo huyo, babu yangu mzaa baba. Aibu ya hadithi hii nusu ni ya kwetu, nami siifichi.

Miaka miwili kabla ya habari ya kujenga shule kulikuwa na ukame. Maji ya ndiva, yaani bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, yalipungua mpaka ikabidi zamu zipangwe upya. Mbonea alikuwa na zamu yake nzima ya kumwagilia, aliyoirithi kwa baba yake. Babu akaikata nusu. Mbonea alipouliza sababu, aliambiwa mbele ya watu kwamba nyumba yake ni ya watu wawili tu, hawana watoto wa kulisha, watosheke na nusu. Aliondoka, mwaka ule maharage yake yakakauka, na zile mvua ziliporudi hakuna aliyekumbuka kumrudishia zamu yake. Yeye hakusahau hata siku moja.

Ndipo ikaja habari ya shule. Watoto wetu walikuwa wakisoma ng'ambo ya korongo, mwendo wa saa mbili kwa miguu ya mtoto, na mvua zikinyesha mto ule haupitiki. Mwaka uliotangulia mto huo ulichukua watoto wawili wa nyumba moja. Akina mama wengi waliapa kwamba mtoto mdogo hatavuka tena, na mama yake Niendiwe alikuwa mmoja wao. Niendiwe alikuwa ametimiza miaka saba, anataka shule kama mgonjwa anavyotaka maji, na mama yake alimwambia asubiri ya karibu ijengwe. Wakubwa wa wilaya walisema: pandisheni kuta hadi usawa wa linta, pale juu ya milango, kabla ya mvua za vuli, sisi tutaleta mabati, milango na mwalimu. Mkichelewa, mabati yatakwenda kwa wenzenu walio tayari.

Baragumu likapulizwa, tukakutana pale kiwanjani. Babu akagawa vipande vya ukuta nyumba kwa nyumba. Kona ya mashariki, ile inayoshika ukuta wa mbele na ukuta wa pembeni, akampa Mbonea, kwa kuwa kona ni kazi ya fundi. Mbonea akasimama.

"Mwenyekiti," alisema, "nilipodai maji yangu mliniambia nyumba yangu haina watoto. Leo yamekuja mawe. Hao watoto wangu wamezaliwa lini?"

Watu wakaguna, maana alikuwa na haki. Nawaambia kweli, neno moja tu la pole lingetosha pale. Babu angesema tulikukosea, maji yako utarudishiwa, na mambo yangeisha, tungejenga. Lakini babu alikuwa mtu asiyekubali kushindwa mbele ya watu. Alitabasamu kidogo na kusema:

"Unajua wahenga walivyosema, Mbonea. Asiye na mwana aeleke jiwe."

Methali ile tunaisema kila siku, hata kwa mzaha, lakini kuna watu hawaambiwi. Naetwe alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Alivuta khanga yake akajifunika uso. Mbonea alimtazama mkewe, kisha akamtazama babu.

"Basi hilo jiwe mtalieleka ninyi wenye wana," akasema, na akaondoka. Naetwe akainuka, akamfuata.

Jioni ile Naetwe alimpikia, akamwacha ale, na alipomaliza akaanza kumsihi. Alisema na yeye ameumia, tena pengine kuliko yeye, kwa kuwa likisemwa neno la utasa anayetazamwa ni mwanamke. Lakini Mavura hatasoma katika shule ile. Watakaosoma ni watoto. Mbonea akajibu kwamba hana deni na mtoto wa mtu yeyote. Atabeba mawe kwa ajili ya nani?

"Na huyu anayekula chungu kimoja na sisi kila siku," Naetwe akauliza, "huyu ni nani?"

Mbonea alijua jibu. Alilijua vizuri kuliko alivyojua mawe. Lakini hasira ni hasara, na ulimi hauna mfupa. Akasema, "Huyo ni mtoto wa jirani."

Niendiwe alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kurudisha kibakuli, amekishika kwa mikono miwili. Alimtazama babu yake, akakiweka kibakuli chini taratibu pale kizingitini, akapita kwenye upenyo wa masale akarudi kwao.

Kesho yake Naetwe alikuwa jikoni aliposikia sauti ndogo nje: "Hodi." Alidhani ni mgeni. Akasema karibu, akijifuta mikono, na kutoka. Alikuwa Niendiwe, amesimama nje ya mlango, anasubiri kuambiwa aingie. Naetwe alimkumbatia, akamwambia tangu lini wewe unabisha hodi, ingia. Mtoto akaingia, lakini hakufunua chungu. Mbonea alikuwa uani, aliyasikia yote. Aliinua nyundo, akaligonga jiwe alilokuwa nalo, likapasuka pasipotakiwa.

Kuta zikaanza kupanda. Kila nyumba ilijenga kipande chake, mawe kwa udongo, na mwenye kujua kidogo alimwelekeza asiyejua. Sisi vijana tulibeba mawe kutoka bondeni hadi mabega yakachubuka. Ukuta wa mbele ulifika usawa wa kifua, wa pembeni ukafika usawa wa kifua, na pale katikati yao, kwenye kona ya mashariki, kulikuwa na upenyo mtu anaweza kupita na mzigo wake. Hakuna aliyegusa. Mimi mwenyewe siku moja nilisimama pale na jiwe mkononi. Nilikuwa kijana, mwiko kwangu ulikuwa mambo ya wazee, na nilijua jiwe lile lingekaa. Baba yangu akaniita kwa ukali, akaniuliza kama namtakia Mbonea kifo. Nikaliweka chini. Mpaka leo naliona lile jiwe.

Babu naye alikuwa akipita kila siku anaangalia upenyo ule na kusema Mbonea atalainika. Hakwenda kwake hata mara moja. Mbonea naye, Mungu amrehemu, alikuwa tayari amelainika. Naetwe alikuja kulisema hilo baadaye. Kila asubuhi Mbonea alichukua nyundo na kuitia kikapuni, anatoka hadi njia panda, anasimama, anarudi. Alisubiri aitwe tu. Hata mtoto angetumwa kumwita angekuja. Babu alisubiri aje, yeye alisubiri aitwe, na mvua hazikumsubiri mtu.

Vuli ya mwaka ule iliwahi kwa wiki mbili. Ilinyesha siku tatu mchana na usiku. Ninyi mmejenga, mnajua ukuta usiofungwa kwenye kona unavyokuwa: kila mmoja umesimama peke yake. Maji yaliingia kwenye ule upenyo, yakalainisha udongo pande zote mbili. Siku ya tatu asubuhi ukuta wa mbele ukalala, na wa pembeni ukaufuata. Tulipofika tulikuta lundo la mawe, kama lile tuliloanza nalo. Watu wa wilaya walikuja na gari, wakaangalia, wakaandika, wakageuza. Mabati yetu yalikwenda kijiji kingine. Ikapita miaka kumi na miwili kabla hatujapata nafasi tena.

Niendiwe akasubiri shule. Alisubiri akiwa na miaka minane, akasubiri akiwa na kumi. Alipofika kumi na mbili aliacha kuuliza. Akashika jembe la mama yake. Alipofika kumi na sita aliolewa nyumba ya tatu kutoka kwao, na mumewe akaenda mashamba ya mkonge, haandiki, na hata angeandika, Niendiwe asingepata wa kumsomea. Lakini hakuacha kwenda kwa Mbonea na Naetwe. Alichota maji yao, akawafulia, na Naetwe alipougua ugonjwa uliomuua, aliyemgeuza kitandani miezi minne alikuwa yeye. Kila alipofika alisimama nje kwanza, akasema hodi.

Baada ya Naetwe kufa, Mbonea alizeeka kwa mwaka mmoja kama watu wanavyozeeka kwa kumi. Macho yakaanza kumsumbua. Miaka yote ile ya vumbi na vipande vya mawe ilikuwa imeyala kidogo kidogo, na sasa yaliwasha, yakatoa machozi, akaona watu kama wako nyuma ya moshi. Mguuni alikuwa na kidonda kisichopona. Niendiwe alimshika mkono, akiwa na mwanawe mchanga mgongoni, wakateremka hadi hospitali kule tambarare.

Hospitali iliwapa dawa mbili. Siku hizo dawa ya maji ilimiminwa kutoka chupa kubwa kwenye vichupa vidogo, vyote vya aina moja, na kila kimoja kikabandikwa karatasi. Kimoja kiliandikwa MACHO. Kingine kiliandikwa KIDONDA. Neno moja moja, kwa herufi kubwa. Mganga aliwaeleza vizuri: hii asubuhi na jioni machoni, itawasha kidogo, vumilia, hii ya kusafishia mguu, kali sana, isiguse kitu kingine. Tena akamwambia macho bado yanaokoka akifuata dawa. Walipofika nyumbani Niendiwe alikata uzi mwekundu, akaufunga kwenye shingo ya kichupa cha macho, asije akavichanganya.

Ikaenda vizuri siku tisa. Mbonea alianza kuona sura ya mtoto mgongoni mwa Niendiwe, akasema ana paji la uso la bibi yake. Siku ya kumi Niendiwe alifagia nyumba na kupangusa rafu, na uzi ule ukachomoka. Aliukuta chini. Akavichukua vile vichupa viwili, kimoja mkono huu, kingine mkono huu. Dawa zote mbili zilikuwa kama maji. Karatasi zote mbili zilikuwa na maandishi. Alivitazama kwa muda mrefu. Angeweza kwenda kuuliza, lakini aliona haya kuonekana na watu kwamba mama mzima hajui hata hilo. Angeweza kumwambia mzee, lakini hakutaka kumtia hofu. Alikumbuka kwamba cha macho kilikuwa upande wa ukuta. Akakifunga uzi cha upande wa ukuta.

Jioni alimtilia. Mbonea alishtuka, akashika ukingo wa kitanda, akasema leo inawasha sana. Niendiwe akamkumbusha kwamba mganga alisema itawasha. Mbonea akavumilia. Alivumilia jioni ile, akavumilia asubuhi, akavumilia jioni ya pili, kwa kuwa alimwamini aliyemtilia. Asubuhi iliyofuata aliuliza kama kumekucha, na jua lilikuwa limeshaingia mlangoni.

Wakabebana tena hadi hospitali. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alivifungua vichupa, akanusa, akasoma, akamtazama Niendiwe. Akauliza kwa sauti ya chini nani aliyemtilia mzee dawa hii. Machozi yalikuwa yanamdondoka Niendiwe hadi kwenye miguu ya mtoto aliyemfunga mgongoni, maana alikuwa amejikunja kabisa. Mbonea ndiye aliyejibu kwamba ni huyu aliyemleta.

"Huyu ni nani wako, mzee?" muuguzi akauliza.

Mbonea alinyoosha mkono, akautafuta mkono wa Niendiwe gizani, akaupata.

"Ni mwanangu," akasema.

"Mwanao," muuguzi akarudia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na uchungu tu. "Mwanao kabisa, na hukumpeleka shule asome hata neno macho?"

Niendiwe alisema baadaye kwamba mkono wa mzee uliganda ndani ya mkono wake, na njia nzima ya kurudi, kilima chote kile, mzee hakutamka neno. Walipofika kwenye ua wa masale ndipo aliposema kwamba si yeye Niendiwe aliyemtoa macho. Niendiwe akamwomba asiseme hivyo. Mzee akasema, nayatamka kama yalivyo, mama. Yale macho niliyatoa mwenyewe siku niliyosimama mkutanoni. Adhabu ilichelewa kufika tu.

Babu yangu wakati huo alikuwa kitandani, hana siku nyingi. Aliposikia alilia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia. Aliniagiza nihakikishe zamu ya maji ya Mbonea inarudishwa nzima. Nilikwenda mwenyewe kumwambia. Akanishukuru kwa adabu. Zamu ilirudi, lakini ilirudi kwa kipofu aliyekuwa ameshaacha kulima. Na babu alikufa bila kwenda kusema pole, ingawa kutoka kwetu hadi kwa Mbonea huwezi hata kumaliza kutafuna muwa mmoja.

Mwaka uliofuata nafasi ya shule ikaja tena. Baragumu likapulizwa, tukakutana pale pale kwenye lile lundo la mawe, lililokwisha kuota nyasi. Mgawaji mpya alipima kwa hatua zake nyumba kwa nyumba, na alipofika kona ya mashariki akaipita nyumba ya Mbonea, akaanza kumpa mtu mwingine. Ndipo tukasikia fimbo. Mbonea alikuwa amekuja, Niendiwe kamshika mkono, kikapu cha nyundo kiko kichwani kwa Niendiwe.

Mgawaji akaona haya. Akamwambia kwa heshima, "Mzee, kanuni yetu inakuachilia. Umri umekwenda, macho huna, na watoto ulionao hapa ni wa majirani tu. Tuachie sisi, upumzike."

"Hilo la mwisho niliwahi kulisema mimi," Mbonea akajibu. "Nililisema nikiwa na macho mazima. Jirani ni sisi watu wazima, tuliopanda masale katikati. Mtoto hana jirani. Anaingia palipo wazi, na atakushika mkono siku yako ikifika, awe anaona njia au haioni. Nipeni kipande changu, mimi sijafa."

Akapewa. Alijenga kona ile kwa siku kumi na moja. Niendiwe alimpa jiwe, yeye akalipapasa uso wake wote kama mtu anayemtambua mgeni, akaligeuza, akaligonga, akaliweka. Wakati mwingine aliuliza maji ya udongo yametosha, wakati mwingine aliuliza mtoto amelala. Watu wakipita na mawe yao walipunguza sauti. Tulifunga kuta zote mbili kwake, tukafika usawa wa linta kabla ya vuli, na mabati yakaja.

Siku ya kufungua shule watoto waliingia wakisukumana. Mwalimu alimwona Niendiwe amesimama kando ya mlango na mwanawe mgongoni, akamwambia mama karibu ndani uone darasa. Akasema hapa panatosha. Alikuwa na miaka ishirini, na darasa lile lilianza kujengwa kwa ajili yake miaka kumi na mitatu nyuma.

Mbonea aliishi miaka mitano baada ya hapo. Alimwomba Niendiwe jambo moja tu, na alimwomba mara nyingi: aache kubisha hodi. Nyumba ni yako, ingia kama zamani. Niendiwe alikuwa anaitikia ndiyo babu, na kesho yake anafika, anasimama nje, na kabla hajakumbuka neno limeshatoka. Alikuwa amezoea. Siku tuliyomzika Mbonea, tulimtuma Niendiwe akalete mkeka ndani. Nyumba ilikuwa tupu, wote tuko uani. Alifika mlangoni, akasimama, akasema hodi. Tukainamisha vichwa.

Kona ile ndiyo mnayoegemezea pikipiki zenu mkisubiri abiria. Mkiitazama vizuri imekwenda kombo kidogo kuelekea juu. Mafundi wa sasa wamekuja mara mbili wakitaka kuibomoa wainyooshe, na mara mbili tumewakatalia, kwa sababu kipande cha mtu hakiguswi. Sasa nendeni mkamwambie mwenyekiti mnatoa nini, mawe au mchanga au mgongo, mimi nimeshatoa changu. Na akiwauliza nani amewatuma, mwambieni ni mjukuu wa Mavura, yule aliyewahi kusimama mbele ya upenyo na jiwe mkononi, akaliweka chini. Mtoto hana jirani.